Jinsi mwenyekiti wa kitongoji chetu alivyoliwa na mbuzi (na bibi yangu akabaki kwake)

Wakuu, habari za humu ndani.

Wakubwa wote shikamooni. Wa umri wangu mambo. Wadogo zangu rudini mkasome, matokeo yenu tumeyaona.

Mimi ni msomaji wa kimya. Huwa nasoma nyuzi zenu kwa simu ya kaka yangu, halafu naondoka bila hata kugonga like. Leo kaka ameiacha kwenye chaji, nimeona nami nichangie.

Haya yametokea kweli. Nikiongeza chumvi mahali, nitawaambia hapohapo kwamba hapa nimeongeza.

Niko Form Three, Januari naingia Form Four, shule ya kata huku Hanang, upande wa Masakta. Ni msichana, kwa hiyo wale wa "dogo acha uongo" muanze kubadilisha sentensi.

Kwanza muelewe korongo.

Nyuma ya nyumba ya bibi yangu kuna korongo. Bibi anasema zamani ilikuwa njia tu ya ng'ombe kushuka kunywa maji. Ng'ombe wakakanyaga, mvua ikapita palepale, mwaka uliofuata ikapita kwa nguvu zaidi. Leo hii mwalimu wetu wa Physics, ambaye akiingia darasani lazima ainame mlangoni, akisimama ndani ya hilo korongo humuoni.

Na linatembea. Mtu wa mjini anaweza asinielewe, lakini korongo linatembea. Kila mvua linakula udongo kurudi nyuma, kwenda juu, yaani kwenda kwa bibi.

Lilikula migomba. Likala banda la kuku. Msimu uliopita likala choo, mchana kweupe, bahati hakukuwa na mtu ndani. (Kuna walimu wawili nilitamani wangekuwa wamebanwa siku hiyo. Natania, Madam, kama unasoma.)

Kati ya korongo na jiko la bibi pakabaki sehemu ndogo ambayo hata rede huwezi kuchezea.

Sasa sisi tunaokaa kuuzunguka mlima Hanang hatuhitaji semina ya kutuambia tope linaweza kufanya nini. Shangazi yangu yuko Jorodom, chini ya mlima. Tangu yale maporomoko ya tope kutoka mlimani, mvua ikigonga bati yeye anavaa viatu na kukaa kitako kitandani.

Kwa hiyo baba mdogo, ambaye ana duka Katesh na pickup moja inayowaka kwa kusukumwa, akasema basi, bibi ahamie mjini kabla ya mvua zijazo.

Bibi akamuuliza swali moja tu.

"Huko Katesh nitaitikia shikamoo ya nani?"

Baba mdogo hakubadili msimamo.

Hapo ndipo ninapoingia mimi, na naingia vibaya kama kawaida yangu.

Shuleni tuna mwalimu wa Geography, naomba nimuite Mwalimu Mbwana. Ni mtu wa Pangani, serikali ilimpanga huku, na tangu afike hajawahi kuvua jaketi. Hata jua likiwaka yeye anasema kuna kibaridi. Ndiye mlezi wa klabu ya mazingira.

Siku moja mwezi wa tatu akasimama mstarini akatangaza: Jumamosi hakuna kubaki nyumbani, kila mwanafunzi apande mti mmoja.

Wakuu, Kiswahili ndicho chenye makosa, si mimi.

Jumamosi wenzangu wakaja na majembe. Mimi nikaja na tracksuit. Nikaenda moja kwa moja kwenye ule mjakaranda wa mbele ya ofisi, nikapanda mpaka tawi la pili, nikakaa vizuri.

Nikaita: "Mwalimu, mimi nimeshapanda. Niende nyumbani?"

Shule nzima chini. Kuna dada wa Form One alicheka mpaka akakalia mche wake.

Mwalimu Mbwana hakucheka. Alivuta zipu ya jaketi mpaka shingoni, akaniangalia.

"Wenzako watapanda mmoja mmoja," akasema. "Wewe naona una kipaji. Utapanda korongo zima."

Korongo gani? Lilelile la bibi. Hakujua ni la bibi. Alichagua tu baya kuliko yote kwenye kata.

Nikarudi nyumbani nimenuna. Bibi aliposikia adhabu yangu akafurahi kama nimefaulu mtihani. Akaniambia nianzie upande wa jikoni.

Basi tukaanza. Kila Jumamosi mimi na wanaklabu wenzangu, wale waliokuwa wanajitolea kweli na wale waliokuja kwa sababu bibi huwa anachemsha mahindi. Mwalimu akatuelekeza: chini kabisa tupange mawe kukatisha korongo, kingo zote tuweke matete na mkonge, juu yake ndiyo miche ya miti.

Nilidhani kupanda miti ni kuchimba shimo na kupiga picha. Wakuu, kupanda ni siku moja. Kinachofuata ni maji, kila jioni, kutoka bwawani, na punda wa bibi.

Punda huyo hana jina. Bibi anasema punda akipewa jina anaanza kiburi. Shikeni hilo la jina, tutalirudia.

Mpaka mwezi wa sita miche ilikuwa imeshika. Nilikuwa nimeanza kujisikia, unaniona napita pale mikono nyuma kama afisa kilimo.

Kisha watu wakavuna mahindi.

Kwa wasiojua huku kwetu: mahindi yakishatoka shambani, mifugo inaachiwa. Shamba lako, shamba langu, mbuzi wanaingia popote kula mabua. Ndivyo ilivyo tangu zamani na hakuna anayemshtaki mwenzake.

Mbuzi hawakuona sababu ya kula mabua makavu wakati kuna mtu kawapandia saladi kwenye korongo.

Walikula kwa mpangilio. Walianza na matete, wakaja kwenye miche. Nililia, na mimi si mtu wa kulia, muulizeni yeyote.

Nikaenda kuongea na wale watoto wachungaji. Ni wa shule ya msingi, fimbo ndefu kuliko wao. Wakaniahidi. Kesho yake mbuzi walewale.

Halafu nikaona kitu. Mbuzi wanaingia kila shamba isipokuwa la Mzee Margwe. Yule mzee hana uzio wala mbwa. Ana sauti tu. Watoto wanamwogopa kiasi kwamba wanapitisha mbuzi mbali, kwa kunyata.

Nikajisemea, mbuzi hawajui kusoma. Wachungaji wanajua.

Nikaokota mfuniko wa ndoo ya rangi, nikaandika MZEE MARGWE kwa mkaa, nikaupigilia kwenye kijiti na kuusimika pembeni ya mche.

Mbuzi hawakuugusa ule mche. Na miche ya jirani yake ilipona pia.

Wakuu, hapo akili yangu mbaya ikapata kazi ya kufanya. Tulijaza tena mapengo kwa miche ya kitalu cha shule, na kila mche nikaupa mzee. Mzee wa kanisa. Fundi cherehani anayerusha mkasi. Mama mmoja anayeuza maziwa, ambaye hata wanaume wakubwa wanamsalimia wakiwa wamesimama.

Nikawaambia wale watoto kwamba ukipita mbele ya mti wa mzee bila kumsalimia, mzee anapata taarifa. Na hapa ndipo nilipoongeza chumvi: niliwaambia mti unaitikia kimoyomoyo.

Basi ikawa ukikaa jikoni kwa bibi jioni unasikia vitoto vinapita kwenye kingo: shikamoo mzee, shikamoo mzee, shikamoo mama, shikamoo mzee. Kwa heshima zote. Mbuzi wanavutwa upande wa pili.

Bibi alikuwa anacheka huku anakoroga ugali.

Mwalimu Mbwana akaja, akaona, akasema maandishi yangu ya mkaa ni ya aibu. Akaleta rangi na brashi. Ana mwandiko mzuri ajabu, kama wa kwenye vyeti. Mimi namtajia jina, yeye anaandika.

Tukafika kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mzee Tluway.

Hiyo "tl" yetu inatokea pembeni ya ulimi, kule kwenye shavu. Mwalimu Mbwana ameishi huku miaka na bado haimtoki. Akaandika anavyotamka yeye, kwa herufi kubwa za kupendeza: MZEE TULUWAI.

Niliona. Nikanyamaza. Nilicheka peke yangu njia nzima ya kwenda bwawani, punda akawa ananishangaa.

Sasa, Mzee Tluway ana mjukuu anayechunga mbuzi wake. Ni mtoto mtundu, na ni mtu pekee kijiji kizima asiyemwogopa Mzee Tluway, kwa sababu babu yake anampa sukari mfukoni.

Mnaona linapoelekea.

Alipita na mbuzi, akaona bango la babu yake, hakusalimia. Mbuzi wakala mche mpaka kwenye udongo. Mbuzi wa mwenyekiti, mche wa mwenyekiti.

Mtu wa kwanza kuniambia alisema hivi, bila hata tabasamu: "Umesikia? Mwenyekiti ameliwa na mbuzi wake."

Hiyo sentensi ilifika mnadani kabla ya jua kuzama. Watu wananunua ng'ombe huku wanaulizana kama mazishi ya mwenyekiti ni lini.

Mzee Tluway hakucheka. Na kusema kweli, huku kwetu jina la mtu mzima si la kuchezea. Ukiweka jina la mtu aliye hai kwenye kitu, halafu kitu hicho kikafa mbele za watu, wapo watakaosema umemtakia kifo.

Akaja shuleni na mfuniko wake mkononi. Alikaa ofisini kwa Madam, mkuu wetu wa shule, muda mrefu. Alipotoka, Madam akaniita.

Hakunichapa, na hilo liliniogopesha zaidi. Alisema mabango yote yang'olewe leo, yawekwe stoo, na mimi nitakwenda kwenye mkutano wa kitongoji kuomba radhi mbele ya watu.

Nikang'oa. Mwenyewe, moja moja. Watoto walikuwa wanaangalia.

Siku iliyofuata hakukuwa na shikamoo. Walikuja mbuzi tu.

Wiki haikuisha, matete yalikuwa yamebaki visiki, na ukingo wa upande wa jikoni ukawa mchanga mtupu. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya mlima. Baba mdogo akapiga simu: anakuja na pickup, bibi afunge vitu.

Bibi hakubishana. Hiyo ndiyo iliyonivunja nguvu. Mimi nimemzoea bibi anayebishana hata na redio.

Akaanza kugawa. Kuku akampa jirani wa juu. Jiwe la kusagia akampa jirani wa chini. Kisha nikamkuta anaosha jembe lake, lile lenye mpini umeng'aa kwa mikono yake, akalipeleka kwa mama muuza maziwa.

Alirudi mikono mitupu, akakaa.

Nikamuuliza mbona jembe. Akasema mjini watu hawalimi. Akaniambia nimpe maji ya kunywa.

Wakuu, mimi nimezoea kuchukulia kila kitu utani. Siku hiyo nilienda nyuma ya jiko, nikaliangalia lile korongo, nikaliambia halitamla bibi yangu. Kwa sauti. Punda ni shahidi.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa ghala la mahindi. Wazee mbele kwenye mabenchi, akina mama pembeni, bibi kati yao. Mwalimu Mbwana alikuja kunisindikiza, jaketi juu.

Madam alikuwa ameniandikia maneno ya kuomba radhi. Nilikuwa nimeyakariri mpaka na nukta.

Nikapita kwa wazee wote, shikamoo mmoja mmoja, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia. Nilipofika kwa Mzee Tluway akaitikia marahaba kwa mkato. Mfuniko alikuwa nao magotini, kama kidhibiti.

"Wewe ndiye uliyenilisha mbuzi," akasema.

Maneno ya Madam yakayeyuka yote. Nikabaki naangalia ule mfuniko.

"Mzee," nikasema, "naomba usome hapo pameandikwa nani."

Akauinua. Akausogeza mbali na macho.

"Tu-lu-wai."

"Mzee, hapa kwetu Tuluwai ni nani?"

Kutoka benchi la nyuma, Mzee Margwe kwa ile sauti yake: "Hapa hakuna ukoo huo."

"Basi aliyeliwa ni huyo Tuluwai," nikasema. "Mzee Tluway bado hajapandwa. Nafasi yake ipo."

Kicheko kilianza kwa akina mama, kikaenda kwenye mabenchi. Mwalimu Mbwana, maskini, akasimama kutaka kurekebisha, akajaribu kulitamka jina vizuri mbele ya watu, likatoka baya kuliko lilivyoandikwa. Mzee wa kanisa alitoa kitambaa akajifuta macho.

Mwenyekiti peke yake hakucheka.

Nikaona kama nitaishia kwenye kuchekesha, nimekwisha. Nikasema lingine. Nikasema mabango yameondolewa na mbuzi wamerudi. Ukingo umekuwa wazi, mvua ya kwanza itaingia jikoni, na baba mdogo anakuja na gari. Nikamtazama bibi.

Mzee Tluway akageuka upande wa akina mama. Yeye na bibi walikuwa darasa moja la katekisimu, miaka hiyo.

"Mama Paulo, unahama kweli?"

Bibi akasema taratibu: "Nimeshagawa jembe."

Hakuna aliyecheka tena. Nilisikia mtu anasaga mchanga kwa kiatu.

Mzee Tluway akautazama ule mfuniko, akaulaza chini, maandishi yameangalia udongo.

"Margwe mmempanda wapi?" akaniuliza.

"Katikati, mzee."

"Mimi nilikuwa juu yake au chini yake?"

"Chini kidogo."

Wale wawili, muelewe, hawajakubaliana mpaka wa shamba tangu mimi sijazaliwa. Kumbe hilo ndilo lililokuwa linamuuma kuliko mbuzi.

"Basi nipandeni," akasema. "Ila nipandeni juu ya Margwe."

Wa kwanza kucheka safari hii alikuwa Margwe. Nami nikaubana ule utani mwingine wa kupanda uliokuwa unanijia mdomoni. Nimekua.

Kuanzia hapo, wakuu, kazi haikuwa yangu tena. Mabango yalirudi, mapengo ya miche na matete yakajazwa tena, na Mwalimu Mbwana akaandika TLUWAY huku mwenyewe amesimama nyuma yake anamhesabia herufi. Mzee wa kanisa akaleta matawi ya miiba akazungushia mti wake, akaona wa jirani hauna, akazungushia na huo. Fundi cherehani alikuwa anamwagilia wake kwa maji ya kunawa, kisha ananitazama kama naona.

Watu wakaanza kutaniana njiani: mbona leo umenyauka? Kaoge.

Mwenyekiti akatangaza mbuzi wasipite kingo zile, akaanza na mjukuu wake. Nasikia sukari ilisimamishwa kwa muda.

Mama muuza maziwa akarudisha jembe. Alilileta begani, alipofika kwenye korongo akaanza kulitumia hapohapo. Bibi akamnyang'anya.

Baba mdogo alipofika na pickup, alikuta watu wamejaa nyumbani, akadhani kuna msiba. Bibi hakuwa amefunga kitu. Akamwambia kwa kuwa gari limekuja, likabebe mawe. Likabeba mawe siku mbili, na sisi tukilisukuma kila likizima. Naye tukampa mti, chini kabisa, kwa sababu alichelewa.

Kisha mvua ikaja.

Ilikuwa mchana, tumefunga shule. Mimi na bibi tulisimama mlangoni mwa jiko. Maji yalishuka mekundu, yanabeba matawi, yanaunguruma. Yalipiga mawe ya chini yakayatawanya. Yakamchukua baba mdogo. Yakamchukua Mzee Margwe, mti na bango lake, tukamwona anakwenda akizunguka kama sinia.

Yalipojaa mpaka kwenye matete ya ukingoni yakapunguza mwendo. Sijui niwaelezeeje. Yalikuwa kama mtu aliyekuja na hasira akakuta wageni sebuleni. Ukingo ukamegeka kipande kama mlango hivi, nikashika mkono wa bibi. Halafu haukumegeka tena.

Mvua ilipokata tukaenda kuangalia. Mkonge umeinama, matete yamelala kwenye tope, lakini mizizi imeshika. Mwenyekiti amesimama. Jiko limesimama.

Siwadanganyi kwamba korongo limekwisha. Lipo, na mvua kubwa bado. Tunapanga mawe upya, na Mzee Margwe ametuma ujumbe anataka kupandwa tena, na safari hii anauliza kama kuna nafasi juu ya Tluway.

Nilichojifunza? Mti hauhitaji watu wa kuupanda, hao wapo kila mwaka na kamera zao. Unahitaji mtu atakayeona aibu ukifa.

Na la pili, mkiwa na mwalimu kutoka mkoa mwingine, msimsahihishe haraka. Anaweza kuwaokoa.

Kama kwenu kuna korongo, au mmewahi kupanda miti ikaliwa, shusheni uzoefu hapa chini. Nataka kujua hasa mnafanyaje na mbuzi. Wale wa "weka picha", simu ni ya kaka na kioo chake kimepasuka, nyie niaminini tu. Matusi pia ruksa, nimesoma shule ya bweni mwaka mmoja, siumii.

Nyongeza: nimeona niandike na hili kabla kaka hajaamka.

Mti wa mwisho, ule wa karibu na jiko, tulimpa bibi. Alikataa bango, akasema yeye si duka.

Asubuhi hii nimekaa ndani kwa bibi naandika, kikapita kitoto kimoja na mbuzi wake. Nikakisikia kinasimama pale kwenye mti.

"Shikamoo bibi."

Na bibi, huko jikoni anakopuliza moto, bila hata kugeuka:

"Marahaba mjukuu. Wapitishe kule."